Usizike Ushahidi Pamoja na Ndugu Yako



Vijana wenzangu wa Eastleigh, Majengo, Kiamaiko, Huruma, Mathare, Kariobangi, Dandora, Kayole na popote pale unaposoma maneno haya. Mazungumzo haya yalikuwa ya vijana waliokaa baada ya Isha, lakini wengi mliomba yaandikwe ili na asiyekuwepo ayapate. Haya, tuyaandike vile yalivyosemwa.

Nilianza kwa swali. Nani kati yenu amewahi kusimamishwa na karao akaambiwa "toa kipande", akakitoa, na bado akapandishwa gari? Mikono ikapanda karibu yote. Nikauliza la pili: nani aliwahi kuandikisha malalamiko baadaye? Mkono mmoja tu. Na huyo mmoja alikuwa amesindikizwa na mamake.

Kati ya mikono ile mingi na huo mmoja ndipo tatizo letu lilipo. Tunalalamika sana kibarazani, tunalalamika kwenye status, tunalalamika kwa kinyozi. Lakini malalamiko ya kibarazani hayana faili. Na kitu kisichokuwa na faili, mbele ya sheria, hakijatokea.

Wacha nikwambie yangu kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Usiku wa Ijumaa, natoka kununua maziwa, nikanaswa na wengine sita. Hatukuambiwa kosa. Tulilala chini, sakafu imelowa, hadi mamangu alipokuja asubuhi na pesa alizokuwa ameweka za kodi ya nyumba. Akatoa, nikatoka. Hakupewa risiti, na sikuandikwa popote. Miaka miwili baadaye nikasikia kuna ofisi inayopokea malalamiko, nikaenda na hasira zangu zote. Yule dada wa mapokezi akaniuliza kwa upole: tarehe? Sikumbuki vizuri. Jina la afisa? Sijui. Nambari ya huduma? Sikuangalia. Nambari ya gari? La. Mliokamatwa pamoja? Nilijua mmoja, naye alishahama. Hakunifukuza. Aliandika nilichokuwa nacho. Lakini mimi mwenyewe niliona kwa macho yangu kwamba nimekuja na uchungu bila ushahidi. Kituo sikitaji, kwa sababu leo sina la kuthibitisha. Hilo ndilo somo lenyewe.

Sasa, hiyo ofisi ilitoka wapi? Haikushuka kutoka mbinguni, na wala haikuwa zawadi ya mwanasiasa.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi hii iliwaka. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na mamia kati yao walikufa kwa risasi. Tume ikasema wazi kwamba polisi hawawezi kujichunguza wenyewe, iundwe taasisi huru. Mwaka wa 2009 jopo la Jaji Ransley likatembea nchi nzima kuuliza wananchi polisi wa aina gani wanawataka, nalo likasema hivyo hivyo. Ikaja Katiba ya 2010, halafu sheria ya mwaka wa 2011, na kufikia 2012 Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, yaani IPOA, ikaanza kazi. Bodi yake ni ya raia, na ofisi zake haziko ndani ya kituo cha polisi. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema "IPOA ni ya serikali, haituhusu", mkumbushe kwamba kuna maiti zilizolazwa chini kabla ya ofisi hiyo kufunguliwa. Ni haki iliyolipiwa.

Watu wengi huchanganya milango, kwa hivyo tuielewe. Iko mitatu.

Wa kwanza ni Kitengo cha Masuala ya Ndani ya polisi, IAU. Hao ni polisi wanaochunguza polisi. Utovu wa nidhamu, lugha chafu, uzembe kazini, unaweza kuupeleka huko.

Wa pili ni IPOA. Huyu ni raia anayemchunguza polisi. Kifo, jeraha kubwa, mateso, kukamatwa bila sababu, hongo ya lazima, na hata kituo kukataa kuandika ripoti yako. Na sheria inawalazimu polisi wenyewe kuijulisha IPOA pale mtu anapokufa au kujeruhiwa vibaya mikononi mwao. Lakini wewe usikae kusubiri wajiripoti. Ungejiripoti wewe?

Wa tatu ni Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi, NPSC. Hii ndiyo inayoajiri, kupandisha vyeo na kuadhibu. Na ndiyo iliyopewa kazi ya kuwapiga msasa maafisa, mmoja baada ya mwingine.

Mnakumbuka msasa? Ulianza Desemba 2013 na wakubwa, chini ya mwenyekiti Johnston Kavuludi. Ulipofika kwa maafisa wa trafiki, nchi nzima ikakodoa macho kwenye televisheni. Taarifa za M-Pesa zilisomwa hadharani: afisa wa chini anatuma pesa kwa mkubwa wake, wiki baada ya wiki, na akiulizwa ni za nini, mara ni za harambee, mara ni mkopo. Kuna waliofutwa, kuna waliojiuzulu kabla hawajafikiwa, na kuna waliokata rufaa wakarudi. Zoezi lilikwenda polepole, halikumaliza uovu. Lakini liangalie kwa jicho hili: wananchi walialikwa kuleta taarifa kuhusu afisa yeyote wanayemjua. Walioleta karatasi yenye tarehe na jina walisikilizwa. Na sisi wa Eastlands, tulioonja zaidi ya wengi, tulipeleka karatasi ngapi?

Ndiyo sababu nasema malalamiko ya leo si ya leo tu. Afisa hufika siku anataka cheo, siku anahamishwa, siku anapigwa msasa. Siku hiyo faili yake inafunguliwa. Kama ni tupu, atapita akitabasamu.

Je, milango hii inafanya kazi? Nitasema ukweli wote, mzuri na mchungu.

Desemba 2013, mahabusu mmoja alipigwa katika kituo cha Ruaraka, hapa hapa jirani, akafa. Lawama ikatupiwa mahabusu mwenzake. Kama mambo yangeishia kwenye daftari la kituo, huyo mwenzake angebeba mauaji ambayo hakuyafanya. IPOA ikaingia, ikachunguza, na aliyepandishwa kizimbani mwishowe akawa OCS mwenyewe. Alipatikana na hatia Desemba 2018, na Februari 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu kifo. Miaka mitano. Ni mirefu. Lakini mtu asiye na hatia alirudi kwao, na mkubwa wa kituo akajua kwamba seli ina macho.

Sasa mchungu. Mwaka wa 2016 mwendeshaji bodaboda, Josephat Mwenda, alikuwa amepeleka malalamiko IPOA dhidi ya afisa wa polisi wa utawala. Juni 23, wakitoka mahakama ya Mavoko, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitekwa nyara. Miili yao ikatolewa mtoni siku chache baadaye. Februari 2023 afisa yule akahukumiwa kifo, na wenzake wawili wa polisi pamoja na raia mmoja wakapewa vifungo virefu. Kwa hivyo ukiniambia "ndugu, ukishtaki utamalizwa", sitakucheka. Hofu yako ina jina na ina kaburi. Nitakurudia hapo.

Kiamaiko mnajua zaidi yangu. Usiku wa Machi 30, 2020, siku chache baada ya kafyu ya korona kuanza, Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, alikuwa kwenye roshani ya nyumba yao pamoja na ndugu zake. Polisi wakapita chini wakiwafukuza watu. Risasi ikampata. Hakuwa barabarani, hakuvunja kafyu, alikuwa kwao. IPOA ilichunguza, na afisa akashtakiwa kwa mauaji. Tangu siku ile jina la mtoto huyu liko kwenye faili ya mahakama, halikubaki kwenye mural ya ukutani peke yake.

Na Eastleigh pia tuna historia yetu. Aprili 2014, ule msako wa Usalama Watch, watu kwa maelfu walichukuliwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Wazee walidhalilishwa, akina mama wenye watoto wachanga walilala seli. Mwaka huo huo IPOA ilitoa ripoti ya kile ilichokiona: seli zilizojaa kupita kiasi na watu waliozuiliwa kupita saa 24 ambazo Katiba imeweka. Ripoti hiyo haikuwarudishia watu pesa walizonyang'anywa. Lakini leo hakuna anayeweza kusema hayakutokea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi ya kuzungumza. Ni zito, na linatuhusu sisi Waislamu hasa, kwa hivyo naomba mnisikize mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Sisi tumefundishwa kuharakisha maiti. Ni sunna, ni heshima, ni faraja kwa familia. Kijana akipigwa risasi saa nne usiku, kufikia Adhuhuri ya kesho yake yuko Kariokor au Lang'ata, ameoshwa, amevishwa sanda, ameswaliwa. Na hapo, bila kujua, mara nyingi tumezika kesi pia. Risasi iliyobaki mwilini imezikwa. Alama za kamba mikononi zimezikwa. Kama alipigwa kwa mbele au kwa nyuma, kwa karibu au kwa mbali, kumezikwa. Kesho mpelelezi akija anakuta shati halipo, limetupwa, mwili haupo, na familia inasema "tumemwachia Mungu".

Nani anafurahia haraka hiyo? Wewe jibu mwenyewe. Hujawahi kumsikia mtu akikwambia mochari, kwa sauti ya huruma kabisa, "nyinyi Waislamu si huwa mnazika haraka, wacheni tuwasaidie mtoe mwili sasa hivi"? Huruma kama hiyo ichunguze mara mbili.

Tazama kesi ya mwalimu Albert Ojwang. Alikamatwa Homa Bay Juni 7, 2025, akaletwa Nairobi, na kesho yake akawa maiti. Polisi wakasema aligonga kichwa chake mwenyewe ukutani katika seli ya Central. Maelezo yalikuwa tayari, yamenyooka. Kisha mwili ukachunguzwa, na mwanapatholojia wa serikali, Dkt. Bernard Midia, akasema majeraha ya kichwa, kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini hayalingani na mtu aliyejiumiza mwenyewe. IPOA nayo ikaeleza kwamba mitambo ya kamera za kituo ilikuwa imechezewa. Kufikia mwisho wa mwezi huo maafisa na wenzao walikuwa kizimbani kwa shtaka la mauaji. Kamera zilichezewa, lakini mwili ulisema. Angezikwa usiku ule ule, hadithi ya ukuta ingekuwa ndiyo historia.

Utauliza: na dini je? Hili usilichukue kwangu, muulize imamu wako. Lakini ujue kwamba wanazuoni wameshalijadili. Baraza la Maulamaa Wakuu wa Saudi Arabia lilitoa uamuzi mwaka wa 1976 kwamba upasuaji wa maiti unaruhusiwa pale uchunguzi wa jinai unapouhitaji, kwa sababu kuhifadhi haki na nafsi za walio hai ni jambo zito. Heshima ya maiti iko pale pale. Kwa hivyo omba ufanywe mapema, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Omba usizidi kinachohitajika. Omba familia iwe na daktari wake ndani ya chumba. Omba mwili ufunikwe na urudishwe kamili. Hizo ni haki za kudai, na mara nyingi hukubaliwa ukizidai mapema na kwa utulivu.

Na ukilinganisha, lipi ni zito zaidi? Kungoja hadi Alasiri, au mahakama kuagiza kaburi lifukuliwe baada ya miezi mitatu? Mama anayesimama kando ya kaburi linalofukuliwa ndiye atakayekujibu.

Haya, tuje kwenye kazi. Mambo ya kufanya, yaweke kwenye simu yako.

Ukikamatwa, Katiba kifungu cha 49 kinasema uelezwe sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa. Unayo haki ya kunyamaza. Unayo haki ya kuwasiliana na wakili au mtu wako. Ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia wakati korti imefungwa. Bondi ya polisi ni bure. Ukilipa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti. Usipigane, usikimbie, usitukane. Ushujaa wa sekunde mbili mbele ya bunduki haujawahi kumsaidia mtu mtaani kwetu.

Ukitoka, au ukishuhudia, andika siku hiyo hiyo, kabla hujalala. Tarehe, saa, mahali, jina au nambari ya huduma kifuani, nambari ya gari, alivyovaa kama ni kanzu nyeusi ya mvua au jinzi, na maneno aliyosema. Andika ulichokiona, na ulichosikia kwa watu ukiandike kando. Enda kituoni uchukue nambari ya OB. Wakikataa, andika nani alikataa na saa ngapi. Kukataa huko nako ni malalamiko.

Ukiumizwa, enda hospitali kwanza, P3 baadaye. Mwambie daktari ukweli wa kilichokuumiza, usiseme "nilianguka" kwa aibu. Piga picha za majeraha leo na tena kesho kutwa, maana kilichovilia damu huonekana zaidi kikikomaa. Nguo usizifue. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi.

Video usiikate, usiitie muziki, usiiongezee maandishi. Ihifadhi yote ilivyo, mpe mtu mmoja unayemwamini nakala, halafu ndipo ufikirie kuiposti. Sura ya shahidi ikionekana, umeshamtangaza. Ganda la risasi usiliokote kwa mkono; lipige picha likiwa pale lilipo, na kitu kando yake cha kuonyesha ukubwa.

Kisha peleka. IPOA wana simu ya bure, 1559. Unaweza kueleza kwa mdomo, si lazima uandike Kiingereza cha wakili. Chukua nambari ya kumbukumbu, na kila mwezi uliza imefika wapi. Faili isiyoulizwa hulala.

Nilisema nitarudi kwenye hofu. Usiende peke yako, na usitangaze kwamba unaenda. Omba jina lako lifichwe. Pitia kwa wakili, au kituo cha haki cha mtaani. Mathare wana chao na wameshika kazi hii miaka mingi. Kama tishio ni la kweli, kuna Mamlaka ya Kulinda Mashahidi, uliza kuhusu hiyo mapema, kabla ya siku ya kutoa ushahidi. Watu kumi walioandikisha pamoja ni vigumu kuwatisha kuliko mmoja.

Na kwa anayesema "IPOA haina meno": kuna ukweli hapo. IPOA haishtaki. Inachunguza, halafu inampelekea Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na yeye ndiye anayeamua. Malalamiko ni maelfu, hukumu ni chache. Kesi huchukua miaka, mashahidi huchoka, wengine huhama. Lakini jino hutokana na ushahidi, na ushahidi unaanza kwako. Tukitaka waongezewe bajeti na wapelelezi, lazima tuweze kuuliza: faili zetu mia tulizoleta ziko wapi? Huwezi kuuliza hivyo kama hukuleta hata moja.

La mwisho ni zito kwetu wenyewe. Usiseme uongo. Usimtaje afisa kwa sababu mlikosana kwa mambo mengine. Usiongeze chumvi, eti walikuwa kumi na walikuwa wawili. Shahidi mmoja akinaswa kwenye uongo mdogo, wakili wa upande wa pili ataubomoa ukweli mkubwa. Tena kuna polisi waadilifu, wengine ni ndugu zetu, tunaswali nao safu moja. Afisa mwadilifu hana sababu ya kuogopa faili yake ifunguliwe. Tunamtaka yule mwingine, na tunamtaka kwa haki.

Kwa hivyo kabla hujafunga ukurasa huu, fanya mambo matatu. Weka 1559 kwenye simu yako. Mwambie mamako na imamu wako lile la kungoja uchunguzi kabla ya kuzika, mwambie leo wakati nyumba ina furaha, maana usiku wa msiba hakuna atakayekusikiliza. Na kama kuna jambo lililokupata ukalinyamazia, kaa chini uliandike, hata kama tarehe imefifia. Mimi yangu niliyachelewesha miaka miwili. Wewe usicheleweshe.

Allah awarehemu waliotangulia, awape subira wazazi wao, na atupe sisi ujasiri wa kusema kweli na usahihi wa kuithibitisha.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.